Daftari la Motokaa ya Nyumbani

   Kila mtu na awe na daftari na kalamu yake. Maneno mtakayoyasikia yamechapwa pia katika karatasi hii, ili redio ikinyamaza myasome tena polepole, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakifuata kwa kidole.

Leo tunajifunza namna ya kutunza motokaa ya nyumbani. Sisemi lori wala basi. Nasema lile gari lenye miguu mirefu ambalo siku hizi mnaliona limesimama nje ya nyumba nyingi. Asubuhi hupeleka watoto shule, mchana hubeba magunia, Jumamosi huenda msibani, na mvua ikinyesha hutazamiwa lipite penye matope.

Asili ya magari ya namna hii ni magari ya shamba na ya kazi. Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Toyota walianza lao, ambalo baadaye liliitwa Land Cruiser, huko Japani mwaka 1951. Mwaka 1994 Toyota wakatoa RAV4, gari dogo na laini zaidi, lililofanywa kwa ajili ya watu wa nyumbani. Mengi ya magari haya yanayofika kwetu yamekwisha kutumika kwanza Japani. Basi gari likifika Bunda, limekwisha kuwa mtu mzima. Nanyi mnajua, mtu mzima hapigwi fimbo. Mtu mzima hutunzwa.

Labda wewe unasema moyoni, "Mwalimu, mimi sina motokaa." Sawa. Lakini unapanda motokaa ya mwanao, au ya shemeji yako, au ya jirani. Abiria naye ana macho, na tangu ulipojifunza kusoma, macho yako yamekuwa na kazi mpya. Sikiliza basi.

KISA CHA TAIRI LA AKIBA

Nitakuambia kisa changu mwenyewe, ingawa kinanitia haya.

Wakati mmoja wa mvua za vuli nilipigiwa simu usiku kwamba shangazi yangu wa Butiama ameshikwa na ugonjwa ghafula. Nilitia gari moto, nikaenda, tukampakia kiti cha nyuma pamoja na binti yake, tukaanza safari ya kwenda hospitali Musoma. Kabla hatujafika Makutano, tairi la nyuma likapasuka. Nilishuka bila wasiwasi, maana tairi la akiba lilikuwapo. Nikalishusha. Lilikuwa limelala bapa kama chapati. Sikuwa nimelipima upepo hata mara moja tangu siku niliponunua gari.

Tulikaa gizani kando ya barabara saa nzima na zaidi, shangazi akiugulia maumivu, mpaka dereva mmoja wa lori alipotuonea huruma. Shangazi alifikishwa, akatibiwa, akapona. Siku nilipokwenda kumjulia hali nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaniuliza, "Hivi, baba yako alikuwa akilala bila kuwatazama ng'ombe wake?"

Nikasema, "Hapana, shangazi."

Akasema, "Basi." Hakuongeza neno.

Baadaye nililitazama lile tairi lililopasuka. Ubavuni mwake palikuwa na tarakimu nne zilizoonyesha umri wake. Lilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tarakimu zile zilikuwa pale siku zote, nami nilizipita kila asubuhi. Ndugu mwanafunzi, mimi nilijua kusoma, lakini sikusoma. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, na ndiyo sababu ya somo hili.

1. KABLA YA KUTIA GARI MOTO

Mfugaji hutazama mifugo yake kabla haijatoka zizini. Wewe nawe litazame gari kabla halijatoka nyumbani. Kazi hii haichukui zaidi ya dakika kumi.

Kwanza, inama utazame chini ya gari. Je, pana matone? Matone ya maji meupe, gari likiwa lilitumia kipoza hewa, si kitu. Matone meusi au ya hudhurungi yenye utelezi ni oili. Maji ya kijani, mekundu au ya rangi ya waridi ni maji ya rejeta. Matone ya mafuta karibu na gurudumu, upande wa ndani, huenda yakawa mafuta ya breki. Ukiyaona hayo ya mwisho, gari lisiondoke. Mwite makanika aje hapo hapo.

Pili, pima oili ya injini. Gari lisimame mahali tambarare, na injini iwe imezimwa kwa dakika kumi hivi. Chomoa kile kijiti cha kupimia oili, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena. Sasa soma. Penye ncha utaona alama mbili. Katika magari mengine zimeandikwa herufi L na F; L ni chini, F ni kujaa. Katika mengine kuna vitundu viwili tu au mistari miwili. Oili itakiwa iwe kati ya alama hizo, karibu na ile ya juu. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Usizidishe alama ya juu, kwa maana oili ikizidi nayo hudhuru injini.

Tazama na rangi yake. Oili kuwa nyeusi ni jambo la kawaida, hasa katika injini ya dizeli. Lakini ukiona imekuwa kama chai ya maziwa, jua maji yameingia ndani. Usiwashe injini hiyo.

Tatu, tazama maji ya rejeta. Magari mengi yana chupa ya plastiki kando ya rejeta, yenye alama za juu na chini. Maji yawe kati ya alama hizo. Hapa nasema kwa mkazo: usifungue kamwe kifuniko cha rejeta wakati injini ni ya moto. Sikiliza sababu yake. Ziwa letu liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji ya sufuria huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, wala hayangoji nyuzi 100 kama kule pwani. Injini nayo, ikiwa na afya, hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Maji ya rejeta yanazuiwa yasichemke mapema kwa sababu kifuniko kimeyabana. Ukikifungua kifuniko, umeyaachia. Yataruka yakiwa mvuke na kukuunguza uso. Ngoja mpaka injini ipoe kabisa, hata kama una haraka namna gani.

Na maji gani yatiwe? Si maji ya ziwani wala ya kisima. Maji hayo yana chumvi na takataka ambazo huganda ndani ya rejeta kama ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika. Tumia yale maji maalumu ya rangi yanayouzwa dukani. Mengine yamekwisha kuchanganywa. Mengine sharti uyachanganye na maji safi yasiyo na chumvi, kwa kawaida nusu kwa nusu. Soma chupa. Siku ya dhiki, maji ya kawaida yatakufikisha nyumbani, lakini usiyaache humo.

Nne, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Kina alama za MAX na MIN. MAX maana yake ni mwisho wa juu, MIN ni mwisho wa chini. Mafuta hayo yakipungua, usiongeze tu ukaenda zako. Yamepungua kwa sababu. Ama pedi za breki zimelika, ama yanavuja. Jambo la kwanza lina dawa rahisi. La pili linaua. Kikanyage kibao cha breki kabla hujatoka. Kikiwa laini na kuzama mpaka chini kama mguu uliokanyaga matope, gari lisitoke.

Tano, washa taa zote, na mtoto asimame nyuma akuambie kama taa za breki zinawaka. Watoto huipenda kazi hii.

2. TAIRI LINA MANENO

Sasa tufike kwenye tairi. Huu ni ukurasa ambao watu wengi hawausomi.

Tafuta ubavuni mwa tairi herufi DOT. Mwisho wa mstari huo pana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 3519, tairi hilo lilitengenezwa katika juma la 35 la mwaka 2019. Ikiwa upande mmoja hauna tarakimu hizo, tazama upande wa pili. Watengenezaji wengi hushauri kwamba tairi likipita miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi liondolewe, hata kama meno yake bado ni marefu. Mpira huzeeka kwa jua na joto kama ngozi ya ngoma. Kwa nje huonekana mzima, kumbe ndani umekauka. Tairi la akiba nalo huzeeka, hata kama halijagusa barabara.

Basi ukienda kununua tairi, soma tarakimu nne kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikuambia "jipya kabisa," mjibu kwa adabu, "Asante ndugu yangu, ngoja nilisome."

Pili, tazama meno. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vivimbe vidogo vya mpira. Meno yakilika mpaka yakalingana na vivimbe hivyo, yamebaki kimo cha milimita 1.6 tu. Tairi hilo limekwisha. Barabara ikilowa kwa mvua, tairi la namna hiyo halishiki lami. Huteleza juu ya maji kama mtumbwi.

Tatu, upepo. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kibandiko kikisema 200 kPa, hiyo ni sawa na 29 katika kipimo cha psi, ambacho mafundi wetu wengi hukitumia. Usifuate namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ni ya mwisho kabisa ambayo tairi laweza kuvumilia, wala si kiasi cha kila siku. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi, walau mara moja kila juma. Ukipakia watu wengi na mizigo, tazama kama kibandiko kina kiasi kingine kwa gari lililojaa.

Hesabu matairi yako. Ni mangapi? Kama umesema manne, umekosea kama nilivyokosea mimi. Ni matano.

3. VUMBI NA UDONGO MWEUSI

Barabara kubwa itokayo Mwanza kupitia Bunda ni ya lami. Lakini ukiiacha lami kuelekea vijijini, unakutana na changarawe na vumbi. Na huko mbugani, upande wa Serengeti, kuna ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka na masika hunata kama ugali.

Vumbi ni adui wa kimya. Injini huvuta pumzi kama wewe, na pua yake ni chujio la hewa, lililo ndani ya sanduku la plastiki chini ya boneti. Lile chujio ni la karatasi. Likijaa vumbi, injini hukosa pumzi, hula petroli nyingi, na hukosa nguvu mlimani. Likitoboka, vumbi huingia ndani na kuisaga injini kama msasa. Kama unapita kwenye vumbi kila siku, lifungue kila baada ya majuma mawili. Likung'ute taratibu, au lipulizwe kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Usilifue kwa maji. Likiwa jeusi na kung'utwa hakusaidii, nunua jingine. Halina bei kubwa ukililinganisha na injini.

Baada ya matope, osha chini ya gari. Udongo ulioganda huficha mpira uliokatika na nati iliyolegea, hata fundi hawezi kuviona. Kama umevuka maji yaliyopita katikati ya gurudumu, mwambie fundi atazame oili ya ekseli na ya giaboksi. Hapo napo, ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Tena neno moja kwa wenye gari lenye kijiti cha kuunganisha magurudumu yote manne. Kijiti hicho ni cha matope na mchanga. Usikitumie kwenye lami kavu, maana vyuma vitavutana na kuvunjana. Lakini usikiache miezi mingi bila kukigusa. Kitumie mara moja kwa mwezi kwenye njia ya vumbi, ili siku ya shida kisikatae.

4. HESABU YA KILOMITA

Mbele ya dereva kuna namba zinazohesabu kilomita. Hizo ndizo umri wa gari. Mambo mengine ya matunzo hufuata namba hizo.

Oili ya injini na chujio lake vibadilishwe kwa hesabu. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Lakini kwa gari lililokwisha kutumika, linalopita kwenye vumbi na joto, kilomita 5,000 ni kipimo ambacho wengi hukifuata, au miezi sita, lolote litakalotangulia. Hebu tufanye hesabu pamoja. Gari limesoma 84,300 siku ya kubadili oili. Ongeza 5,000. Jawabu ni 89,300. Andika jawabu hilo kwenye daftari, na pia kwenye kipande cha karatasi ukibandike mbele ya dereva.

Oili gani? Soma kopo. Utaona maandishi kama 5W-30 au 15W-40. Namba ya kwanza, yenye W, yaeleza wepesi wa oili ikiwa baridi. Namba ya pili yaeleza uzito wake ikiwa ya moto. Fuata namba iliyo katika kitabu cha gari. Tena mara nyingi utaona herufi mbili, kama SN au CI. Zikianza na S, oili hiyo imepimwa kwa injini ya petroli. Zikianza na C, imepimwa kwa injini ya dizeli. Makopo mengine yana zote mbili.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hata kama kikopo kimefungwa. Yakiisha kunyonya maji, breki hulegea zikipata moto, kama vile kwenye mteremko mrefu. Kwa hiyo yabadilishwe yote kila miaka miwili hivi. Kopo litasema DOT 3 au DOT 4. Angalia kifuniko cha gari lako kinataka ipi. DOT hii si tarehe kama ile ya tairi.

Injini nyingine zina mkanda wa mpira ndani yake unaoendesha viungo vya juu kwa wakati wake. Mafundi huuita taiming belti. Katika magari mengi ya Toyota ya zamani hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, injini nyingi huharibika kabisa. Magari mengine yana mnyororo wa chuma badala yake. Muulize fundi gari lako lina kipi.

Hapa kuna faida ya kujua tarakimu. Chini ya boneti ya gari lililotoka Japani mara nyingine kuna kibandiko kinachoonyesha mkanda ulibadilishwa lini. Maandishi ni ya Kijapani, huwezi kuyasoma. Lakini tarakimu zao ni hizi hizi zetu, na utaona kilomita zimeandikwa. Ukiona mwaka umeandikwa kwa namba ndogo, kama 18, usishangae. Wajapani huhesabu pia miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi iliyoitwa Heisei ilianza mwaka 1989 ikaisha mwaka 2019. Kwa enzi hiyo ongeza 1988. Basi 18 ni mwaka 2006. Je, si hesabu nzuri?

5. UKIENDA KWA MAKANIKA

Makanika wengi ni watu wa kazi na wa haki. Lakini hata mtu wa haki husahau, na asiye wa haki humpenda mteja asiyeuliza. Wewe fanya hivi. Nenda na daftari. Andika kilomita. Sema ugonjwa wa gari, usiseme dawa. Usiseme, "Nibadilishie pampu." Sema, "Likipanda mlima linapata moto." Dawa ataijua yeye.

Omba kila kifaa cha zamani kilichotolewa ukabidhiwe mkononi. Oili mpya ifunguliwe mbele yako, nawe usome kopo. Kazi ikiisha, pima oili kwa kijiti wewe mwenyewe. Gurudumu likifunguliwa, nati zikazwe tena baada ya kwenda kilomita 50 hadi 100, kwa kuwa hulegea kidogo. Wala usione haya. Daktari haudhiki mgonjwa akiuliza jina la dawa.

Tena neno moja la jirani kwa jirani. Oili chakavu isimwagwe chini wala mferejini. Musoma ni mji wa ziwa. Kilichomwagwa leo uani, mvua itakipeleka ziwani, nasi huko ndiko tunakovua na kuteka maji. Itiwe kwenye kidumu chenye kifuniko, irudishwe gereji.

6. TAA ZA MBELE YA DEREVA

Ukiwasha gari, taa ndogo nyingi huwaka kisha huzimika. Mojawapo ina umbo la birika la kumiminia. Hiyo ni ya oili. Ikiwaka nyekundu gari likiwa linakwenda, simama kando, zima injini mara moja. Usiseme, "Nifike tu Kiabakari." Dakika chache zatosha kuiua injini. Mshale wa joto ukipanda mpaka kwenye nyekundu, fanya vivyo hivyo. Taa ya manjano yakuambia, "Nipeleke kwa fundi karibuni." Taa nyekundu yakuambia, "Simama."

7. DAFTARI LENYEWE

Sasa chukua daftari lako, lile lile la darasani, ufungue ukurasa mpya. Andika juu yake: DAFTARI LA MOTOKAA. Kisha andika kwa mfano huu:

3 Machi. Kilomita 84,300. Oili na chujio lake vimebadilishwa. Oili ijayo: 89,300.

10 Machi. Kilomita 84,610. Tairi tano zimepimwa upepo. La akiba lilikuwa chini, limejazwa.

17 Machi. Kilomita 84,990. Chujio la hewa limekung'utwa. Breki zinalia upande wa kushoto mbele. Kumwona makanika.

19 Machi. Kilomita 85,040. Pedi za breki za mbele zimebadilishwa zote mbili, kushoto na kulia. Vya zamani nimepewa.

Unaona? Maneno machache, tarehe na namba. Miezi sita ikipita, daftari hili litajua gari lako kuliko mtu yeyote. Siku ukitaka kuliuza, mnunuzi mwenye akili ataliomba. Na siku ukiwa safarini, mkeo au mumeo au mwanao ataweza kusoma na kuendelea pale ulipoachia.

MWISHO WA SOMO

Ndugu mwanafunzi, wewe unakaa katika mkoa aliozaliwa Mwalimu Julius Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akazikwa huko huko mwaka 1999. Katika uongozi wake mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakazungumza. Kisha wakainuka wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Hawakuishia kusikiliza. Nasi tusiishie hapo.

Kesho asubuhi, kabla gari lolote la nyumbani kwenu halijaondoka, lizunguke. Inama. Soma. Andika. Katika kiti cha nyuma huenda atakaa mama mzazi, au mtoto mwenye homa, au shangazi. Wao hawataliona daftari lako. Watafika tu, wala hawatajua kwa nini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mwalimu alisema, "Nilijua kusoma, lakini sikusoma"?

2. Tairi lina tarakimu 0821. Lilitengenezwa katika juma gani na mwaka gani?

3. Oili ilibadilishwa gari liliposoma kilomita 112,750. Kama kipimo ni kilomita 5,000, itabadilishwa tena likisoma ngapi?

4. Kwa nini ni hatari kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto?

5. Mafuta ya breki yamepungua. Taja sababu mbili. Ni ipi ya hatari zaidi?

6. Katika nyumba yako, nani ataandika daftari la motokaa, na nani atalisoma?

KAZI YA NYUMBANI. Nenda kwenye gari lolote, umwombe mwenyewe ruhusa, usome tarakimu nne za kila tairi. Usilisahau la tano. Ziandike, kisha mweleze mwenye gari maana yake. Juma lijalo kila mtu atatuambia alichokikuta.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Safari njema.